Vibandiko Tisa

Jumanne. Hapa Vitengeni joto limekaza tangu asubuhi, hata wingu moja halipo. Moyo mzito, na sina wa kumwambia. Ndiyo maana naandika hapa.

Mama Kadzo ameachishwa kazi leo.

Ndiye aliyekuwa akitufanyia usafi chuoni, tangu kabla mimi sijaajiriwa kufundisha kompyuta. Barua yake inasema ameharibu leseni za kompyuta.

Zilikuwa kompyuta tisa, tulizopewa na hoteli moja iliyofungwa. Zilikuja zimejaa vumbi na madoa. Mimi ndiye niliyemwambia azisafishe zing'ae, maana wakaguzi walikuwa waje kuona kama chuo chetu kinafaa kuwa kituo cha mtihani. Akazisugua kwa sabuni na sifongo ya kusugulia sufuria mpaka zikawa kama mpya. Ubavuni pa kila moja palikuwa na kibandiko chenye namba ya leseni, ile inayosajili mfumo wa kompyuta. Vyote tisa vikatoka.

"Nilidhani ni bei ya dukani, mwalimu," aliniambia.

Sasa nikiri.

Hata bila vibandiko, kompyuta zile zingefanya kazi. Leseni ilikuwa bado imo ndani, kwenye mfumo wa zamani. Aliyeiondoa humo ni mimi. Zilikuwa nzito, zimejaa mambo ya hoteli, nikaona nizifute zote niweke mfumo upya. Sikunakili chochote. Kila kompyuta iliponiuliza namba ya leseni nikairuka, nikijiambia nitaisoma kibandikoni nikishamaliza. Nilipomaliza ya tisa, nikaigeuza, nikakuta chuma kitupu.

Wakaguzi walipokuja, kila kioo kilikuwa na maandishi pembeni kwamba mfumo haujasajiliwa. Hawakukaa sana. Nikawaambia upo mfumo wa bure, nitauweka siku hiyo hiyo. Wakasema mfumo huo hautambuliwi kwenye mtihani. Basi wanafunzi wangu watafanyia Kilifi, yaani wale watakaoweza kufika.

Bwana Charo, meneja wetu, akauliza nani kaharibu. Nikamweleza habari ya vibandiko. Ile ya kufuta sikuitaja.

Leo nilipoiona barua nilikwenda ofisini kwake nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika.

"Mwalimu wa kompyuta ninaye mmoja," akasema. "Wa kufagia hawakosekani."

Kisha akanitaka nisilitaje tena jambo hilo kwa mtu yeyote, kwa sababu kamati ya chuo imeshaitia saini barua.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kwenda kwa kamati mwenyewe. Nikasema ahsante, nikatoka.

Mama Kadzo alikuwa langoni, vitu vyake amevifunga kwenye leso. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama siku zote. Halafu akaniomba radhi. Yeye, aniombe mimi radhi, kwa kuwaharibia wanafunzi wangu mtihani. Alisema tangu wakaguzi waondoke hajalala vizuri.

"Zile namba hazikumbukiki, mwalimu? Hata mbili tatu?"

Nikamwambia hazikumbukiki. Hilo ni kweli, na ndilo la kweli pekee nililomwambia. Mdomo ulifunguka kusema mengine, nikaishia kumwuliza kama ana mtu wa kumsaidia kubeba. Akasema si mzigo huo. Akaenda zake.

Nilirudi darasani. Wanafunzi walikuwa wakiandika barua za kuomba kazi, zoezi nililowapa wiki iliyopita, na kila mmoja ana yale maandishi pembeni ya kioo. Wameshayazoea. Mimi bado.

Kesho asubuhi sina kipindi. Kwake ni nyuma ya soko, mwendo mfupi tu. Lakini nikifika nimwambie nini? Kwamba hakuharibu kitu, na bado hana kazi? Na akiniuliza kwa nini nilinyamaza pale langoni?

Sijui kama nitakwenda.