Wanataka Niseme Kukhu Alikuwa Mpole

Mpendwa Shangazi Chepkorir, naomba msaada na usinicheke, maana mimi naongea kwa karatasi tu, mbele ya watu sauti inaniishia.

Nina miaka kumi na sita, naishi Kibomet hapa Kitale. Likizo zote nilikuwa naenda Ndalu kwa Kukhu Nelima, na Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, ingawa sisi ni Wakikuyu na hakuwa nyanya yangu wa damu, lakini wakati watu wetu walichomewa nyumba wakafukuzwa yeye ndiye alimficha mama yangu akiwa mtoto ndani ya ghala la mahindi, akasimama mlangoni akasema, "Kama ni kuchoma, anzeni na mimi," na baadaye akafungwa pamoja na akina mama aliowaongoza kuandamana ili waliofukuzwa warudishiwe mashamba.

Sisi vijana alitukalisha uani tupukuse mahindi, na sheria yake ilikuwa mwenye haya ndiye anaanza kusema. Nikikwama ananiambia, jina langu likigeuka kwa ulimi wake wa Kibukusu, "Wakiulu, usiniangalie mimi, angalia mahindi, mdomo utafuata mkono." Na ulikuwa unafuata. Hapo ndipo nilisikia habari za seli, maji yaliyomwagwa sakafuni wasilale, na vile waliimba wimbo mmoja hadi askari mwenyewe akaomba wapumzike.

Alituacha mwaka jana. Jumamosi ijayo ni makumbusho yake, siku ya kumkumbuka, na mwanawe, Mjomba Wanjala, ameniandikia maneno ya kusoma kwa niaba ya vijana, ati Kukhu alikuwa mama mpole, hakuwahi kugombana na serikali. Nikamwuliza, na seli je? Akasema, "Mheshimiwa ametupa hema na viti, usituharibie siku bana."

Nikasema sawa. Shangazi, nilisema sawa haraka hivi. Nikisikia jirani akipukusa mahindi natoka nje nikidhani ni yeye. Nina hamu ya mtu kuniita Wakiulu. Nikisoma yale maneno nitakuwa nimemzika mara ya pili, na nikikataa, uani kwake sitakanyaga tena. Nifanye nini?

Wakiuru, Kibomet

*

Wakiuru mwanangu, pole. Mtu wa kukungoja mpaka umalize kusema hapatikani kila boma. Lia. Ukishamaliza, nisikilize, kwa sababu nina ugomvi na wewe.

Hiyo "sawa" ilikuwa ya nini? Mama yako yuko hai kwa sababu mtu mmoja alikataa kusema sawa.

Lakini Wanjala usimfanye adui. Mamake alipokuwa ndani, nani alimpikia? Seli kwako ni hadithi, kwake huenda ni njaa. Kwa hivyo usimshtukize mbele ya mheshimiwa. Nenda Ndalu Ijumaa na mama yako, wakiwa bado wanapanga viti, umwambie Mjomba uso kwa uso kwamba yale maneno husomi, una yako.

Akikataa, usinune. Mrudishie nafasi yake, uoshe sufuria na wengine. Hema litang'olewa, mheshimiwa ataenda, uani utabaki, na hapo utasema.

Akikubali, achana na kusimama. Omba kiti na beseni, uweke mahindi magotini. Anza na ghala, umalize na seli. Sauti ikikuishia katikati, wewe endelea kupukusa. Wale akina mama waliofungwa naye watakuwa wamekaa pale mbele, na ule wimbo wa seli wanaujua.