Posa Ndani ya Mtumbwi

Jumamosi, 4 Agosti 1951
Leo nimesema uongo. Mzee Rugaibula, baba yake Jovitha, aliniuliza kama najua kupiga kafi. Nikasema sana! Mimi, Gamaliel, dresa wa zahanati, mtoto wa Bukoba mjini, ninayejua maji ya beseni tu. Mtumbwi ulizunguka mara tatu papo hapo.
Mzee alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza. Alirudi kutoka Kenya na fimbo ya kuvulia, ile yenye kigurudumu cha uzi, zawadi ya afisa wake. Kule walivua samaki waitwao besi. Hapa Kimwani anavua ningu, samaki wa mto wetu, kwa heshima ile ile. Sheria yake ni moja — kimya! Kiangazi hiki mto ni kioo. Samaki anakuona, anakusikia.
Nami nilikwenda kumwomba binti yake. Saa tatu nzima sikufungua mdomo.

Jumapili, 5 Agosti
Baada ya ibada Jovitha akanong'ona: umemwambia? Nikasema amekataza kuongea. Alicheka hadi akashika nguzo ya kanisa. Kisha akaniambia habari mbaya. Projestus, karani wa kahawa kutoka Bukoba, anakuja kumposa, na wazee wake, tarehe 19. Ana baiskeli yenye taa!
Baba yangu mdogo Kashaija, ambaye ndiye angenisemea posa, bado yuko kitandani na mguu wake uliovunjika. Nitajisemea.

Jumamosi, 11 Agosti
Mtumbwini tena. Nikamwita mzee kama baba yangu: "Tata, nina neno."
"Shhh!"
Nikarusha ndoana kwa hasira. Ikanasa sikio lake.
Niliitoa polepole, nikapaka dawa ya aidini. Akasema mkono wangu ni mwepesi. Sifa! Nikafungua mdomo.
"Shhh!"

Jumatano, 15 Agosti
Nimefanya mazoezi ya maneno ya posa hapa zahanati. Naweza kuyasema yote kwa pumzi moja. Wagonjwa wameanza kunitazama.

Jumamosi, 18 Agosti
Naandika mtumbwini, ukingoni mwa mto.
Asubuhi mzee alinipa fimbo, yeye akashika kafi. Alisema leo anataka kufika tuendako.
Ningu akashika ndoana. Mkubwa! Mzee akaisahau sheria yake: "Inua! Legeza! Usivute kama unavuta ng'ombe!"
Nikaona — leo anaongea.
"Tata, nataka kumwoa Jovitha!"
"Vuta!"
"Nijibu kwanza, au naachia fimbo!"
Mawe, mama yangu! Sijui nani alisema hivyo kwa mdomo wangu. Mzee akanitazama. Akaitazama fimbo yake.
"Ukiiachia," akasema taratibu, "utaifuata."
Sikuiachia. Tulimpandisha wote wawili, nikalowa hadi kifuani. Samaki mrefu kama mkono wangu. Lakini jibu, hakuna. Njia nzima alikuwa akimtabasamia samaki, si mimi.
Tulipofika, mbele ya nyumba pana baiskeli yenye taa. Projestus na wazee wake, siku moja kabla! Mzee akaniambia nibaki na samaki, akapanda kwenda nyumbani peke yake.

Jovitha amekuja mbio sasa hivi. Wageni wameshamiminiwa lubisi, pombe yetu ya ndizi. Wameuliza mbona mazungumzo hayaanzi. Tata amewajibu kwamba bado anamngojea mtu wake.
"Mtu gani?" nimeuliza.
"Gamaliel, wewe! Pita mlango wa mbele, umwinue samaki wamwone!"
Viatu — kimoja kimeangukia majini, kile kule kinaelea. Jovitha anasema niache.
Naingia na kimoja.