Mama, Mtoto Hajapona, Ameruhusiwa Tu

Mama yangu,

Shikamoo. Nakusalimia kwa sababu ulinilea hivyo, lakini hasira bado ninazo. Nilingoja ziishe ndipo nikuandikie. Hazijaisha, nami nimechoka kungoja.

Unakumbuka siku Atuganile aliporuhusiwa? Mjukuu wako, miaka sita, wiki saba wodini kwa homa ya uti wa mgongo, kuna siku hata mimi hakunitambua. Muuguzi akaja na karatasi: "Mmeruhusiwa, mama." Ukapiga vigelegele mpaka wodi nzima ikageuka. Ulimi wako wa Kinyakyusa uliikataa ile r, ukaimba njia nzima: "Amelusiwa! Ndaga, Tata!" Ukamshukuru Baba wa mbinguni mpaka sauti ikakauka. Hapa Kisondela ukachinja kuku, wanakwaya wenzako wakaja, wakala, wakaomba, wakaondoka. Hawakurudi tena kumjulia hali. Kwao mambo yalikuwa yamekwisha.

Yamekwisha nini? Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzika, mkono wa kushoto umejikunja kifuani. Kwenye ile karatasi waliandika "mazoezi", basi. Mazoezi gani? Kwa muda gani? Nani wa kuyafanya? Mtu anakurudishia mtoto nusu, halafu anakuaga! Mpaka nilipompakia Atu kwenye bodaboda, nikarudi naye hospitali kule Tukuyu, nikang'ang'ania mlangoni pale hadi dada mmoja wa mazoezi ya viungo akatuonyesha. Asimame akishika meza. Atembee kutoka mlangoni hadi jikoni, asubuhi na jioni. Ale kwa mkono wa kushoto hata akimwaga.

"Akianguka?" nikamuuliza.

"Aanguke ukiwa karibu."

Nilikueleza yote, ukaitikia kwa kichwa. Kesho yake narudi kutoka kuchuma chai, nakukuta na Atu mgongoni, mbeleko imekazwa, miguu yake mirefu inagonga magoti yako. Kesho kutwa vilevile. Sokoni mgongoni, kanisani mgongoni, chooni mgongoni. Ndizi unamkatia, unamlisha, mkono wa kushoto umelala tu.

"Mama, mshushe."

"Mtoto amelusiwa, wewe bado unamtesa nini? Amelusiwa maana yake amemalisa."

Nilikufokea kanisani mbele ya wanakwaya wenzako, ukaninunia siku mbili. Sitajifanya najuta. Miezi mitatu mtoto hakwenda mbele hata kidogo, na sababu ilikuwa mapenzi yako. Ila nikiri hili moja: Jumapili, kiuno changu kikiuma, nilifurahi ukimbeba. Sikusema mshushe.

Kisha ukaugua wewe. Kifua. Wakakulaza, wakakuruhusu, na karatasi juu: apumzike, amalize dawa, arudishwe haraka akianza kuhema. Na mimi, mama, mimi niliyekutolea povu juu ya neno hilo, niliwajibu nini waliouliza hali yako? "Mama ameruhusiwa." Siku ya tatu nikarudi kwenye chai. Ukapika, ukafua, ukasema hujambo. Ijumaa nilikukuta umekaa kizingitini, unahema, Atu yuko mgongoni kwako. Hukufika Tukuyu. Mbona hukusema? Na mimi mbona sikukuuliza, nikauamini mdomo wako nikaiacha karatasi?

Siku ya mazishi, ndugu zako walitaka kumbeba Atu hadi kaburini kule migombani. Nilikataa.

"Una roho ngumu wewe," dada yako akaniambia, watu wote wakisikia.

Roho ngumu! Wao ambao tangu siku ile ya kuku hawajamshika mtoto mkono hata hatua moja. Nilimwacha atembee, nami nyuma yake. Alianguka mara moja, akainuka na udongo magotini. Kwaya ilirudia wimbo mpaka ikaishiwa pumzi, na watu wakangoja. Waache wangoje, nilisema moyoni, mimi nimengoja peke yangu siku zote hizi.

Mbeleko yako nimeifua. Watu walidhani nitaitunza sandukuni. Naifunga kifuani kwa Atu, nazishika ncha zake kwa nyuma, na tunatembea. Njia ya jikoni ameshaizoea, siku hizi tunatoka mlangoni hadi kwako, asubuhi na jioni. Akichoka ananiambia, "Bibi angenibeba." Namwambia ndiyo, angekubeba, twende.

Jana tulipofika mgomba wa mwisho alisimama. Hakugeuka.

"Mama, achia."

Nikaachia. Alifika, mama. Alifika peke yake, akakushika msalaba wako kwa mkono wa kushoto. Na wewe, uliyembeba miezi yote ile, hukuwepo kumwona akitembea. Hilo ndilo sitakusamehe upesi.

Lala salama. Kesho asubuhi tunakuja tena, kwa miguu.

Mwanao mwenye hasira,
Mama Atu