Maziwa ya Chumvi

Jumamosi usiku

Bado nasikia ile chumvi kooni.

Ni rafiki yetu Brenda aliyetupeleka kwenye mkahawa wa Kituruki, ili tumuage Mwanaisha kwa chakula cha huko anakoenda kusoma. Mkate wa nyama ulikuwa mtamu. Kisha wakaleta maziwa yao ya mgando, mazito kama mala, lakini yametiwa chumvi.

"Kunywa, mama Uturuki!" Brenda akasema. Alikuwa anarekodi video ya kumtumia mamake Mwanaisha kule Matungu.

Mwanaisha akameza. "Tamu sana," akasema, machozi yakimlengalenga. Chini ya meza aliufinya mkono wangu hadi ukauma.

"Si umalize basi, tuone!" Brenda akamhimiza.

Mimi huwa naona haya hata kuomba chumvi mbele ya watu. Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilichukua glasi yake nikayanywa yote.

"Wewe nawe, mlafi!" Brenda akacheka, akazima simu. Mwanaisha akashusha pumzi.

Miaka minne huko, na hana mtu anayemjua.

Tulipoagana hakusema kwamba anaogopa, nami sikumuuliza. Nilijua akikiri tu, nitamwambia asiende.