Fatiha Juu ya Kisutu

Dar es Salaam,
Jumapili

Kwa dada yangu Badriya,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na joto la Maskati liwe halijawakausha. Goti lako nalo linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unapanda ngazi kwa kumtaja Mungu. Sisi huku tu wazima. Mama anakula, anasali, anagombana na fundi bomba. Mke wangu Sabaha anakusalimu, na Anfal anauliza kama shangazi yake ataleta halua ya zafarani safari hii au atasahau tena.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Kwa simu ungenitania, ningecheka, na tungeagana bila mimi kusema kitu. Ndiyo maana nitampa Hafidhi wa duka la jirani akuletee, kwa kuwa anasafiri Jumanne. Nitamwonya asiifungue, ingawa namjua.

Umeniambia kwamba Idi hii mnakuja, na kwamba Muaz wako ameshawatangazia wenzake shule nzima kuwa mjomba wake atamrusha kwa ndege juu ya Dar es Salaam. Jibu langu ni hapana, Dada. Sitamrusha Muaz wala mtu mwingine yeyote. Nakueleza sababu, kisha utaamua mwenyewe kama watoto bado wanakuja kukaa nyumbani kwangu.

Duka la mapazia linakwenda. Kariakoo ni ileile, ukisimama kidogo tu mlangoni mkokoteni unakupanda miguu. Wiki iliyopita mteja wa Lubumbashi alichukua marobota manne kwa mpigo, na fundi wetu Goodluck akacheza katikati ya duka. Mimi nilifunga marobota. Ndivyo nilivyo tangu Baba afariki, miezi kumi na mitatu sasa. Sisikii kitu moyoni. Si huzuni, maana huzuni ningeitambua.

Siku ile unaijua. Baba alikuwa anampimia mama mmoja pazia la sebuleni, akaanguka na futi mkononi. Mimi nilikuwa angani na ndege ya klabu, nawatembeza Sabaha na Anfal hadi Bagamoyo, simu nimezima. Nilipotua nilikuta Goodluck amepiga mara ishirini na mbili. Hakuna aliyenilaumu, hata wewe. Nilibeba jeneza, nikatupia udongo, nikapokea mikono ya watu siku tatu, na chozi halikutoka. Watu wakanisifu kwa subira.

Sasa Mama. Unajua kwetu wanawake hawaingii makaburini, kwa hiyo hakuwahi kuliona kaburi la mumewe. Na unajua pia alivyoisema ile ndege miaka yote, kwamba ni kibiriti chenye mabawa. Basi mwezi uliopita alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha Baba, akaniomba nimpandishe ili alione kaburi kutoka juu. Nilikubali kama ninavyokubali kila kitu siku hizi.

Tulipaa Jumamosi asubuhi, Mama kiti cha mbele pembeni yangu, Anfal nyuma. Niliomba ruhusa kwa waongoza ndege, wakanipitisha upande wa Upanga. Nikamwonyesha Mama ule ukuta wa makaburi ya Kisutu, na mti ambao Baba amelala karibu nao. Alitazama kwa utulivu, akasema kumbe pana kivuli. Kisha akaanza kusoma Fatiha.

Mimi nikipita pale huwa naomba dua kwa mkono mmoja, mwingine uko usukanini. Mama aliuona akakasirika. Alisema baba haombewi kwa mkono mmoja kama mtu anayedai chenji. Hewa ilikuwa shwari, na ndege nilikuwa nimeiweka sawa, inaweza kujiendea yenyewe kitambo kidogo. Nikainua yote miwili.

Tulisema amin, tukajipangusa uso. Mikono yangu ikashuka mapajani ikabaki hapo. Dada, sikuzimia, sikupata kizunguzungu. Niliiona pua ya ndege ikianza kuinama, na mabati ya Jangwani yakisogea kidogo kidogo. Nilisikia waongoza ndege wakiniita mara mbili, nikaona kama wanamwita mtu mwingine. Nyuma Anfal alikuwa anaimba. Nilijua yuko pale na nilijua la kufanya, na sikutaka kulifanya. Hilo ndilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Mama ndiye aliyeichukua mikono yangu, mmoja kwanza, halafu wa pili, akairudisha usukanini kama anavyomrudishia mtoto kijiko. Hakupiga kelele. Niliinua pua, nikawajibu waongoza ndege, tukatua salama.

Alimwacha Anfal ashuke kwanza. Kisha akaniambia kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba yeye kilio kimoja kinamtosha. Siku ileile nilimkabidhi Marcelino wa klabu leseni yangu, nikamdanganya kwamba macho yamechoka. Nimeshaenda mara mbili kwa daktari mmoja wa akili, huko Upanga. Ananiuliza, najibu. Mama ananingoja nje kwenye benchi na tasbihi yake.

Sabaha bado hajui. Mama amenipa mpaka Idi nimwambie mwenyewe, na naogopa atakapokumbuka kwamba mtoto alikuwa kiti cha nyuma. Kama baada ya kusoma haya hutaki Muaz alale kwangu, sitakulaumu. Lakini wewe njoo, ukae karibu yangu nikimwambia.

Kila jioni baada ya Magharibi tunamsomea Baba sebuleni. Mama ananishika mkono wa kushoto, anauweka mapajani pake na hauachii, mimi nainua wa kulia peke yake. Nilimkumbusha maneno yake ya chenji. Akasema Baba ataelewa. Na jana, Dada, niliusikia mkono wake. Una joto, na ile pete yake inakwaruza. Sijui kama hiyo ni dawa, lakini niliusikia.

Nisalimie shemeji na watoto. Muaz mwambie mjomba atamfundisha kurusha tiara, hiyo uzi wake tutaushika sote wawili. Mungu akulinde hadi tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Hamud