Seremala Anataka Kufunika Ukuta wa Marehemu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke kama alivyonicheka dada yangu.

Mimi ni mjane wa mwashi. Nyumba yetu ya matofali aliijenga marehemu mwenyewe, na tangu lile tetemeko la ardhi ukuta mmoja wa sebuleni una ufa unaopitisha kidole, na mjukuu wangu hulala chini yake, basi mkwe wangu seremala amejitolea kusimamisha nguzo za mbao kwa ndani, azikaze kwa bolti kwenye matofali, azifunge na sakafu na dari, ajaze nyuzi za mbao za kuzuia baridi, kisha afunike kwa mbao, na kuta tatu amemaliza, kweli kuna joto hadi nimevua sweta, lakini huu wa nne, wenye ufa, nimemzuia kwa sababu una doa.

Ni doa la mafuta ya nywele, mshauri. Kila baada ya chakula mume wangu aliegemeza kichwa palepale, miaka thelathini na moja, nami nikimgombeza, "Baba, unachafua ukuta!" naye akijibu, "Ukuta wangu, mafuta yangu, kichwa tu ndicho chako."

Mkwe naona haya kumwambia. Nilisema ukutani mna nyuki, akaja na moshi, akauliza, "Mama, hawa nyuki wamesafiri?" Jana nikauziba kwa kabati, nikasema halihamishiki, akalisogeza kwa mkono mmoja. Na marehemu alidharau mbao, aliziita chakula cha mchwa. Nikikubali, si nitakuwa nimemsaliti?

Mjane wa Mwashi

Mama yangu,

Pole sana. Kwenye nyuki nimecheka, unisamehe. Nilipoukumbuka ufa nikaacha.

Mtoto analala chini ya ukuta uliopasuka, nawe unalinda mafuta ya nywele? Weka gazeti chini sasa hivi, uhamishe kitanda chake. Kisha urudi tuendelee.

Umerudi? Haya. Matofali yana nguvu ya kubeba, lakini ardhi ikiyatikisa yanahitaji kitu cha kuyashika, na hiyo ndiyo kazi ya nguzo za mkwe wako. Kuta tatu zimeshikwa, umeuacha ule mbovu! Kuhusu mchwa, mwulize kama mbao zimetiwa dawa. Hilo ni swali la maana, tofauti na nyuki.

Halafu mwambie ukweli: "Mwanangu, hapa ndipo baba mkwe wako alipokuwa akiegemeza kichwa." Hatakucheka. Mwulize kama nguzo inaweza kukaa kando ya doa, na ubao wa hapo utiwe bawaba, uufungue unapomkumbuka. Akisema haiwezekani, usibishane naye, afunike.

Doa mumeo aliliacha bila kukusudia, mama. Nyumba aliijenga kwa kukusudia, ili mlale ndani yake na kuamka salama. Mpigie mkwe simu leo, aje na bolti zake.