Lebo Nilizobandua

Achieng' mjukuu wangu,

Huku Kaloleni tunakusalimu. Goti la nyanya yako limepona. Mimi ndiye ninayepungua.

Uliuliza kwa nini nilinyamaza uliponionyesha kidhibiti kinachoendesha pampu za maji huko kazini kwenu, kidogo kama kipande cha sabuni, kinachotumia mfumo wa kompyuta wa Linux, ambacho yeyote anaweza kufungua programu yake akaisoma. Nilipigwa na butwaa, mama. Mashine isiyoficha kitu!

Ujanani, kwenye pampu za maji, nilibandua lebo zote zilizoonyesha kila waya unakwenda wapi, ili nitegemewe mimi tu. Mwenzangu Ouma alicheka: "Bwana fundi, hizi nyaya umezioa?" Nilipougua, pampu zikasimama, Ouma akashindwa kuzirekebisha, akafutwa kazi. Sikukiri kamwe kuwa lebo nilizibandua mimi.

Programu yako ina maelezo ambayo mashine huyaruka lakini binadamu huyasoma. Hapo, kabla sijaondoka, niandikie jina la Ouma.

Babu yako